Faida ya Hisabati na Faida ya Mwanahisabati

Swali la kwanza linaloulizwa kuhusu shahada ya hisabati ni la ajira: mhitimu atafanya kazi wapi? Kuzitaja kazi si shida. Wapo walimu, watakwimu, waandishi wa programu za kompyuta, wachambuzi wa mikopo benki, na wataalamu wanaokadiria vifo na ajali ili kampuni ya bima ijue itoze kiasi gani. Shida ni kueleza mhitimu anakwenda na nini huko, maana sehemu kubwa ya aliyoyasoma, aljebra dhahania na topolojia zikiwemo, haitatajwa ofisini hata siku moja.

Utetezi uliozoeleka hutumia nadharia ya namba. Mwaka 1940 G. H. Hardy, mwanahisabati wa Cambridge, aliandika kwamba hakuna aliyekuwa ameipatia nadharia hiyo matumizi ya kivita. Mwaka 1977, nchini Marekani, Rivest, Shamir na Adleman walibuni kwa namba tasa, ambazo nadharia hiyo huzichunguza, njia ya kuficha ujumbe. Clifford Cocks wa idara ya ujasusi wa mawasiliano ya Uingereza alikuwa ameifikia mwaka 1973, ila kazi yake ilibaki siri hadi 1997. Nguvu ya njia hiyo ni kwamba kuzidisha ni rahisi kuliko kurudi nyuma: kuzidisha 89 kwa 97 ni jambo la dakika moja. Anayepewa 8,633 na kutakiwa azitafute namba mbili zilizoizaa atahangaika. Namba ikiwa na mamia ya tarakimu, kompyuta za kawaida nazo hukwama.

Kisa hicho kinavutia, lakini kama hoja kina kasoro: kinahesabu washindi tu. Yapo matokeo mengi ya hisabati yasiyotumika popote nje ya hisabati yenyewe, na huenda yakabaki hivyo. Kumwahidi mwanafunzi kwamba kila wazo litapata kazi yake siku moja ni kudai jambo bila uthibitisho, tena katika somo lisilosamehe kosa hilo.

Afadhali faida itafutwe kwa mwanahisabati mwenyewe. Mwaka 1742 Christian Goldbach alimwandikia Leonhard Euler kuhusu dhana ambayo leo husemwa hivi: kila namba shufwa kubwa kuliko 2 ni jumla ya namba tasa mbili, kama 28 ilivyo 5 na 23. Kompyuta zimeijaribu hadi kwenye namba zenye tarakimu 19 bila kukuta hata moja inayokaidi. Kwingineko ushahidi wa namna hiyo ungetosha kabisa. Wanahisabati bado wanaiita dhana, kwa sababu jambo ambalo halijawahi kushindwa si sawa na jambo lisiloweza kushindwa.

Aliyekaa miaka mitatu au minne na tofauti hiyo huzoea kuuliza fomula inasimama juu ya masharti gani. Wanasheria wazuri nao huuliza hivyo, kwa hiyo tabia hii si mali ya wanahisabati peke yao. Lakini katika bima ya mazao, kwa mfano, hesabu inaweza kuchukulia kwamba hasara ya mkulima mmoja haihusiani na ya jirani yake, na ikatoa majibu mazuri misimu kadhaa ya mvua. Ukame huwapiga wote pamoja. Kosa la namna hiyo halionekani kwenye kuzidisha wala kujumlisha. Liko kwenye sharti ambalo hakuna aliyeliandika.