Je, Shule Njema Hujulikana kwa Nafasi Yake?

Kila mwaka matokeo ya mitihani yatangazwapo, swali moja huzunguka katika sharika zetu, nje ya kanisa baada ya ibada na katika vikao vya wazee: Shule yetu imekuwa ya ngapi? Ni wachache waulizao watoto wamejifunza nini, au ni watoto gani waliofika mpaka siku ya mtihani. Nafasi ikiwa njema, twashangilia. Ikiwa mbaya, mwalimu mkuu huinamisha kichwa.

Katika Tanzania Baraza la Mitihani lilikuwa na desturi ya kutaja shule kumi zilizoongoza na kumi zilizoshika mkia. Mwezi wa Januari 2023, lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, desturi hiyo iliachwa, kwa kuwa watoto hawasomi katika hali zilizo sawa, na kuwashindanisha hivyo kulionekana hakuna faida. Wengine walifurahi. Wengine walinung'unika wakisema kwamba ukweli umefichwa. Mimi sioni kwamba umefichwa, maana matokeo ya kila shule yaliendelea kutolewa wazi, na mwenye kalamu na subira aweza kujitengenezea orodha yake mwenyewe. Tena watu wafanya hivyo. Basi orodha imeondolewa katika kinywa cha Baraza, lakini haijaondoka mioyoni mwetu. Kwa hiyo yatupasa kulipima jambo lenyewe.

Tuseme shule ina watoto 40, na wastani wa alama zao ni 52. Kati yao wamo 8 walio dhaifu, ambao wastani wao ni 20. Mwalimu mkuu akiwaondoa hao 8 kabla ya mtihani, wastani wa 32 waliobaki ni 60. Shule imepanda kutoka 52 mpaka 60, wala hakuna mtoto hata mmoja aliyejifunza neno jipya. Wazazi watasifu, bodi itatoa shukrani, na mwaka ujao watoto wengi zaidi wataletwa, nao walio hodari watachaguliwa mlangoni. Wale 8 hawamo katika hesabu yo yote.

Wala mtu asidhani kwamba nimejitungia hofu. Mwaka 2013 Serikali ya Tanzania ilianza mpango ulioitwa Matokeo Makubwa Sasa, na shule za msingi zikapangwa kwa nafasi zao katika taifa na katika wilaya. Wataalamu waliochungua matokeo ya shule zote kuanzia 2011 hata 2016 waliona mambo mawili pamoja. Shule zilizokuwa chini kabisa katika wilaya zao ziliongeza ufaulu. Hilo ni jema, wala haifai kulificha. Walakini waliona pia kwamba shule zilianza kuwazuia watoto wasifike darasa la mwisho. Aibu ya kushika mkia iliwaamsha walimu, na aibu iyo hiyo ikawafungia mlango wanyonge. Katika shule za sekondari zenye kutafuta sifa desturi hii yajulikana kwa jina la mchujo: asiyefikia wastani uliowekwa na shule hurudishwa darasa, au huambiwa atafute shule nyingine, au huandikishwa afanye mtihani mahali pengine, jina la shule lisichafuke.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1862 Waingereza waliweka sheria, kwa shauri la Robert Lowe, kwamba fedha za shule zifuate mahudhurio ya watoto na kushinda kwao katika kusoma, kuandika na hesabu mbele ya mkaguzi. Walimu wakawakaririsha watoto kitabu kile kile, hata mtoto akaweza kukitamka pasipo kuelewa. Matthew Arnold, aliyekuwa mkaguzi wa shule, aliupinga mpango huo, na katika miaka ya 1890 ukaondolewa.

Hata hivyo siwakubali wasemao kwamba mitihani haina maana. Mtoto aliyekaa shuleni miaka saba asiweze kusoma hadithi fupi amedhulumiwa, na dhuluma hiyo haijulikani bila kupima. Wapimaji wa Uwezo, walioanza kazi katika Kenya, Uganda na Tanzania miaka ya 2009 na 2010, waliwafuata watoto nyumbani badala ya shuleni, hata aliyeacha shule akahesabiwa pamoja na wenzake. Napenda sana shauri lile la kwenda nyumbani. Kwa njia hiyo mtu hapati sifa kwa kumwondoa mtoto darasani, kwani mtoto bado yupo uani kwa mama yake, na mpimaji atamkuta.

Sisi Walutheri tuna mfano wetu. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwasihi waanzishe shule na kuzitunza. Mwaka 1528 alishiriki katika ukaguzi wa sharika za Saksonia, akaona kwamba watu wengi wa vijijini hawakujua hata Sala ya Bwana, na kwamba wachungaji wengi hawakuweza kufundisha. Ule nao ulikuwa mtihani, na matokeo yake yalikuwa mabaya mno. Lakini hakuketi kuandika ni usharika gani ulio wa kwanza na upi wa mwisho. Aliwakemea maaskofu waliouacha mzigo wao, na mwaka 1529 akatoa Katekisimo Ndogo, ili baba wa nyumba apate kitu cha kuwafundisha watoto wake. Yaani alipima ili ajue pa kupeleka msaada.

Naye Mchungaji wa mfano ule tuujuao, aliyewaacha kondoo 99 na kumfuata mmoja: kwa hesabu ya orodha, asilimia 99 ni matokeo mema sana, na angeweza kupumzika.

Mzazi mwenye mtoto mmoja na ada ya kuazima, akichagua shule yenye jina, simlaumu hata kidogo. Yeye aliangalia mtoto wake, wala hakupewa kipimo kingine. Lakini mzee wa usharika aliyewekwa katika bodi ya shule ya Kanisa hana udhuru huo, maana yeye amekabidhiwa watoto wote. Katika kikao kijacho aombe daftari la walioandikishwa kidato cha kwanza miaka minne iliyopita, na orodha ya waliofanya mtihani wa kidato cha nne. Majina yaliyomo katika daftari na hayamo katika orodha yasomwe moja moja, na mwalimu mkuu aeleze kila mtoto yuko wapi. Wengine watakuwa wamehama pamoja na wazazi wao, wengine wamefariki, wengine ada imewashinda. Waliobaki baada ya hao, bodi iulize ni nani aliyewaambia waondoke, na kwa wastani gani, na kama mtu wa usharika amekwisha kwenda nyumbani kwao.