Je, Ni Haki Kutafuta Bahari Mbinguni?

Asubuhi na mapema twakutana na watoto wa Nyawera wakipanda kilima, kila mmoja na bidoni yake ya maji. Chini yao Ziwa Kivu limetanda, maji tele. Nyumbani bomba ni kavu. Watoto hao wakisikia kwamba kuna watu wanaotafuta maji huko mbinguni, tutawaambia nini?

Maana habari yenyewe ni kweli. Tarehe 14 Oktoba 2024 Wamarekani walirusha chombo kiitwacho Europa Clipper, kilichogharimu dola zaidi ya bilioni 5. Kinatazamiwa kufika penye sayari ya Mshtarii mwaka 2030, kuuchunguza mwezi wake mmoja, Europa. Juu yake ni barafu tupu. Chini ya barafu, wataalamu wasema, yaelekea mna bahari yenye maji kupita bahari zetu zote. Je, mna uhai gizani humo? Tusicheke upesi. Hata katika kina cha Kivu chetu, jua lisikofika, vimo vijidudu vinavyoishi bila hewa tunayovuta sisi, navyo hutoa gesi ya metani.

Lakini je, ni haki, jirani akiwa na kiu?

Swali hili lilimchoma mtaalamu mwenyewe. Guy Consolmagno, Mkatoliki wa Marekani, aliandika mwaka 1975 juu ya joto lililomo ndani ya miezi ya barafu. Baadaye akajiuliza: yafaa nini kuchungua nyota, na watu wanakufa kwa njaa? Akaiacha kazi hiyo, na mwaka 1983 akaenda Kenya kufundisha. Kumbe wenyeji walitaka kujua habari za nyota! Vijijini alikoweka darubini yake, wakubwa kwa wadogo walikuja kuutazama mwezi, wakastaajabu. Akarudi kwenye nyota zake, na mwaka 1989 akaingia kwa Wajesuiti. Toka 2015 hata 2025 Bruda huyo aliongoza kituo cha Papa cha kuchungua nyota.

Basi, tujifunze nini? Anayesema maskini ahitaji chakula tu, amemfanya tumbo lisilo na roho. Ng'ombe akishiba hulala. Mtu akishiba, na hata kabla hajashiba, huuliza. Mungu ndiye aliyempa swali hilo.

Walakini neno hili lisiwe kinga ya wenye mali. Ajuaye kupima maji ya Mshtarii asiseme hawezi kuyapandisha maji ya Kivu mpaka Nyawera. Elimu si kosa. Kosa ni moyo uonao mbali usione karibu.

Nasi je? Jioni, mtoto akiisha kutua bidoni yake, akanyosha kidole juu na kuuliza, tusimwambie, «Nyamaza, hayo si yako.» Maji ni haki yake, na nyota pia ni zake.