Nani Anafungua Geti Usiku

Mwanza, mtu anayetaka geti la umeme huanza kwa kuuliza bei ya mota. Fundi anayeijua kazi yake huanza kwa kutazama ardhi. Husimama nje ya ukuta, akapima kwa macho mteremko wa njia ya gari, akatafuta jiwe lililochomoza pale reli itakapopita, ndipo azungumze fedha. Mji huu umekaa juu ya vilima na miamba. Mwamba wa Bismarck uliosimama majini ndio unaopigwa picha, lakini Isamilo, Bugando, Mabatini na Igogo ni mawe matupu, na maeneo yanayojengwa kwa kasi siku hizi, Buswelu, Kiseke, Nyegezi, Buhongwa, nayo hayakosi mwinuko.

Mageti ya nyumbani ni ya namna mbili. Lipo la mbawa mbili, linaloshikwa na bawaba na kufungukia ndani. Lipo la kuslaidi, linalotembea juu ya reli kando ya ukuta. La mbawa linapendeza, na halidai ukuta mrefu. Tatizo ni kiwanja kinachopanda kuelekea nyumbani, na vya aina hiyo Mwanza ni vingi: mbawa zikifunguka hugota chini kabla hazijafika nusu. Mwenye nyumba hushauriwa aliinue geti, akabaki na pengo ambalo mbwa analipita bila shida, au alifungulie nje, kwenye njia ya watu. Kuna upepo pia. Dhoruba za kutoka ziwani huja kwa nguvu, na geti lililozibwa kwa bati zima huupokea upepo kama tanga la mtumbwi. Mikono ya mota inayolishikilia ndiyo inayoumia.

La kuslaidi linavumilia zaidi, ila nalo lina masharti. Geti la mita 4 linataka mita 4 nyingine za ukuta pa kujificha, na nafasi ya mota juu ya hapo. Reli nayo iwe sawa kabisa, na hapa ndipo mafundi wa haraka wanapoharibu. Kusawazisha kunadai zege, na pengine jiwe la kuvunja kwa nyundo na moto, kwa hiyo wanailaza reli kufuata mteremko. Umeme ukiwepo hakuna anayeona kosa, kwa sababu mota imelishika geti kwa meno yake. Siku mota inapoachiwa ili geti lisukumwe kwa mkono, chuma cha mamia ya kilo kinateremka chenyewe. Kama mwisho wa reli hapakuchomelewa kizuizi, geti linatoka na kuanguka, na aliye mbele yake hana muda wa kukimbia.

Hayo ya chuma na mawe yakishakubaliwa, linabaki swali ambalo wauzaji hawaulizi: leo hii, kabla ya mota, anayefungua ni nani?

Katika nyumba nyingi ni dada wa kazi. Honi inapigwa mara mbili saa nne usiku na mvua inanyesha. Dada anaamka, anavaa kandambili, anajitupia khanga kichwani na kukimbia. Anavuta komeo lililolowa, anasukuma kwa bega, anasubiri gari lipite, anasukuma tena. Saa kumi na moja alfajiri mwenye gari anaondoka, na dada ni yuleyule pale getini. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza kutumika Januari 2023 ilimwekea mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri wake shilingi 60,000 kwa mwezi, na kazi ya geti usiku imemezwa humohumo pamoja na kufua, kupika na kulea. Mwandishi wa safu hii anaamini kwamba katika sababu zote za kununua mota ya geti, iliyo bora kuliko nyingine ni usingizi wa huyo dada. Fahari ya kubonyeza rimoti ukiwa umekaa garini ni jambo dogo sana ukiliweka kando ya hilo.

Wapo wanaonunua mota ili waachane na mlinzi. Hesabu hiyo inahitaji kuangaliwa mara mbili. Mlinzi anajua sura. Anamjua mjomba aliyevuka kutoka Sengerema na mfuko wa michembe begani, anamjua fundi bomba aliyekuja wiki iliyopita, anajua pia kwamba yule kijana aliyesimama ng'ambo ya barabara tangu saa tisa hana anachosubiri. Geti la mota linamjua mwenye rimoti peke yake, na wageni wengi wa Mwanza hufika kwa miguu au kwa bodaboda, wakapiga hodi. Nyumba inayoweka mota bila mlango mdogo wa watu kando yake, au ndani ya geti lenyewe, imemwekea kila mgeni wa miguu ulazima wa kufunguliwa mita 4 za chuma ili aingie mtu mmoja. Matokeo yake yanaonekana mitaani: mgeni anagonga, wa ndani wanaona uvivu, anaambiwa apige simu.

Uzio wa zamani ulikuwa tofauti. Bujora, kule Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, mtu anaweza kuona jinsi maisha ya kaya ya zamani yalivyopangwa. Vijijini ua wa minyaa bado unazunguka kaya nyingi hadi leo. Utomvu wake unachoma macho na ng'ombe hawaupendi, lakini sauti inaupita ua huo bila kizuizi. Sungusungu, walinzi wa kijiji, walipoibuka Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wizi wa ng'ombe ulipozidi baada ya vita vya Kagera, nguvu yao ilikuwa yowe. Likipigwa, kila anayelisikia anatoka, na njia ya kumfikia mwenye shida iko wazi. Mambo mengine yaliyofanywa kwa jina la Sungusungu hayatetewi hapa. Adhabu za kujichukulia sheria mkononi ziliumiza watu wengi. Hilo la kumfikia jirani, hata hivyo, lilikuwa hazina. Ukuta wa tofali wenye geti la mota na nyaya za umeme juu yake unamzuia mwizi, na unamzuia pia jirani anayekuja mbio na ndoo za maji nyumba inapowaka, tena katika saa ambayo huenda umeme umeshakatika.

Umeme wenyewe ndio unaogawa mota katika makundi mawili. Zipo zinazotumia volti 230 moja kwa moja kutoka kwenye nyaya za TANESCO. Zina nguvu na bei yake huwa nafuu, lakini umeme ukikatika zinalala. Zipo za volti 24 zenye betri, ambazo zinaendelea kufungua hata giza likiwa mtaa mzima, na zinakubali kuchajiwa kwa sola. Mgawo wa mwishoni mwa 2023 uliwafundisha wengi tofauti hiyo. Tangu Februari 2024 mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ilipoanza kuzalisha, makali ya mgawo yamepungua, ila nguzo inayoangushwa na mvua Nyakato haingoji megawati. Kwa nyumba ya Mwanza, mwandishi angechagua volti 24 na betri, hata kama itabidi kuahirisha marumaru za barazani.

Radi ni habari nyingine kabisa. Ziwa Victoria ni kati ya sehemu za dunia zenye ngurumo nyingi, hasa usiku, pale upepo wa nchi kavu unapokutana kutoka pande zote juu ya maji yenye joto na kuisukuma hewa juu. Bodi ya mota ni kitu laini, na imeunganishwa na waya mrefu uliozikwa kutoka nyumbani hadi getini. Radi ikipiga jirani tu, bodi inaweza kuungua. Waya wa ethi uliofungwa sawasawa na kifaa cha kuzuia mshituko wa umeme ni gharama ndogo kuliko bodi mpya, nayo bodi huenda ikaagizwa Dar es Salaam, geti likisukumwa kwa mikono siku zote hizo.

Adui mwingine wa bodi ni mdogo na anatambaa. Taa ya getini inavuta wadudu wa ziwani, wale wanaoinuka juu ya maji kwa makundi kama wingu jeusi. Wadudu wanaita mijusi. Mjusi akishiba hutafuta pa kulala penye joto, na kasha la mota lina joto usiku kucha. Anaingia kupitia tundu la waya, anapita juu ya bodi, anaunganisha nukta mbili ambazo hazikupaswa kukutana, na asubuhi geti halisemi kitu. Sisimizi nao hujenga humohumo. Fundi mwangalifu huziba tundu lile siku ya kwanza. Reli nayo inataka ufagio kila baada ya mvua, kwa sababu maji yanayoteremka vilimani hubeba mchanga wenye chembe kubwa na kuulaza kwenye njia ya magurudumu. Geti likigota hapo, mota inadhani imegonga kitu na kurudi nyuma, na mwenye nyumba anamlaumu muuzaji.

Kurudi nyuma huko ndiko kunakookoa watoto, na watu waliuona umuhimu wake kwa kuchelewa. Mmarekani C. G. Johnson alitengeneza mlango wa banda la gari unaopanda juu mwaka 1921, na mashine ya umeme ya kuufungua mwaka 1926. Watoto walibanwa na kufa kwa miongo kadhaa kabla Marekani haijaweka sheria mwaka 1990, na mashine za nyumbani zilizotengenezwa kuanzia 1 Januari 1993 zikalazimishwa kuwa na ulinzi wa ziada, kama yale macho mawili ya sensa yanayotazamana chini ya mlango. Uingereza, katikati ya mwaka 2010, watoto wawili wa kike, mmoja wa miaka 5 na mwingine wa 6, walibanwa na mageti ya umeme Bridgend na Manchester ndani ya wiki moja. Mwanza watoto hucheza getini, ndipo penye kivuli na ndipo wanapopita wenzao. Mteja akiomba punguzo, mara nyingi macho ya sensa ndiyo yanayoondolewa kwenye orodha. Hapo asikubali. Rimoti nazo zipo zenye namba ileile siku zote, ambazo mtu mwenye kifaa kidogo anazinakili kwa muda mfupi gari likiwa gereji, na zipo zinazobadili namba kila zinapobonyezwa. Achukue hizi za pili.

Kila mota nzuri ina ufunguo wa dharura unaoiachia ili geti lisukumwe kwa mkono. Katika nyumba nyingi ufunguo huo unakaa kwenye droo ya baba, na baba yuko Geita kikazi. Nakala yake iwe mahali ambapo dada na bibi wanapajua, na nyingine kwa jirani anayeaminiwa. Fundi naye asimaliziwe fedha yake kabla umeme haujazimwa kwenye swichi kuu na kila anayelala humo ndani, kuanzia bibi hadi dada, hajalifungua na kulifunga geti akiwa peke yake. Bibi akishindwa kulisukuma, magurudumu yabadilishwe au bati lipunguzwe, na fundi afanye hivyo angali hapohapo na vifaa vyake.