Mcheza Kwao Asipotuzwa

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa, nasi watu wa mashairi tumeipenda methali hiyo kwa kuwa imetufaa sana. Malenga akisimama barazani, vina vikakaa na mizani ikatimia, jawabu halikawii: mmoja atamjibu kwa beti, mwingine atampigia vigelegele, wa tatu atamtuza noti mbele ya kadamnasi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, hakumngoja mchapaji. Tungo zake zilitoka kinywani zikaingia mitaani, zikakaa vifuani mwa watu hata baada ya yeye kuzikwa, mpaka walipotokea kina Mwalimu Sikujua wakasaidia kuzitia katika maandishi. Mtunzi wa namna hiyo hana haja ya kuulizwa nguvu ya kutunga huitoa wapi. Huitoa kwa wasikilizaji wake, nao wako mbele yake.

Swali langu ni la mwingine: yule achezaye kwao, kwa lugha ya kwao, usiku kucha, asipate hata wa kumpigia kofi moja. Huyo humwamsha nini asubuhi? Na sisi tuliomnyamazia tuna haki gani ya kuja baadaye kumsifu kwa subira yake?

Sisi tukaao Mwanza tunacho kisiwa chetu pia, ijapokuwa maji yanayokizunguka hayana chumvi. Ni Ukerewe, safari ya saa chache kwa meli hadi Nansio. Huko ndiko alikoishi Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa watawala wa kisiwa hicho. Alisoma kwa mapadri wa Kagunguli, kisha seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, alikopata Kilatini na lugha nyingine za wageni. Padri hakuwa, alirudi, akaoa, akaishi kwa kazi za ukarani, mafundisho ya dini na tafsiri. Mwaka 1945 alikamilisha kwa Kikerewe kitabu kirefu cha habari za Myombekere na mkewe Bugonoka, watu waliopendana na kukosa mtoto, mpaka wakwe wakamchukua binti yao, na mume akalazimika kwenda kuomba, kulipa faini ya pombe ya ndizi, kutafuta mganga, na kusubiri. Ndani ya hadithi hiyo mwandishi alitia kilimo, uvuvi, maamkizi, dawa, arusi na misiba ya Wakerewe wa zamani, kwa sababu aliona vitu hivyo vinaondoka na hakuna aliyekuwa akiviandika. Yeye mwenyewe na mkewe, Bibi Anna, walizaa, lakini watoto hawakubaki.

Mchapaji hakupatikana. Padri mmoja Mkanada, Almas Simard, aliuthamini mswada na kuuhangaikia, kifo kikamkatiza. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walifika Wamarekani wawili, Gerald Hartwig na mkewe Charlotte, waliokuja kwa utafiti wa historia ya Wakerewe, nao wakatambua thamani ya kitu kilichokuwa mbele yao. Lakini nchi ilikuwa huru na ilitaka vitabu vya Kiswahili. Basi mzee yule, ambaye viungo vyake vilikwisha kushikwa na maradhi, akakaa chini mara ya pili na kukitafsiri kitabu chote kwa mkono wake. Tanzania Publishing House ikakichapa, kurasa zaidi ya 600, na mwaka ulioandikwa ndani yake ni 1980. Kitereza alifariki Aprili 1981, kabla ya nakala kumfikia. Ilikuwa imetimia miaka 36 tangu amalize kuandika.

Nimekirefusha kisa hiki kwa makusudi, maana ninaishi katika mji ambamo vijana wengi wamejiajiri kwa brashi, kamera, sindano na kalamu, nao huuziwa maneno mengi ya hamasa. Huambiwa wajiamini, waamke alfajiri, waandike malengo yao ukutani, wajitenge na wakatishaji tamaa. Sipingi kuamka alfajiri. Mimi mwenyewe sikupitia chuo chochote cha fasihi, na kama si alfajiri nisingalijua kusoma tungo za watu. Shaaban Robert naye alikuwa karani wa serikali kwa miaka mingi, na fasihi aliitungia katika saa zilizobaki. Ninachopinga ni hesabu iliyofichwa ndani ya maneno hayo, kwamba bidii ikiwekwa upande huu, malipo hutokea upande wa pili, na asiyepata basi hakujituma. Kitereza aliweka bidii yote iwezekanayo kuwekwa na mwanadamu. Mhamasishaji angemwambia nini mwaka 1960, mswada ukiwa na miaka 15? Aongeze malengo?

Tena wahamasishaji hudai moto usiozimika, moyo uwake kila siku. Wavuvi wetu wa dagaa wangewacheka. Dagaa huvuliwa kwa taa katika giza. Mwezi ukipevuka, mwanga wa taa haumvuti samaki, na mitumbwi hupumzika. Ukipita mialoni siku hizo utawakuta wameketi wanashona nyavu na kulipana madeni, wala hakuna anayejilaumu kwamba amepoteza hamasa. Wanajua kwamba giza litarudi. Wanachotakiwa ni kwamba litakaporudi, wavu uwe mzima. Naona hekima kubwa hapo kwa mtu wa kalamu, ambaye aghalabu hujiona amekwisha kwa sababu ya wiki tatu zisizo na ubeti.

Hata hivyo, mvuvi atakula dagaa wake. Kitereza hakuwa na hakika ya kula chochote, na kwa hiyo lazima tumtafutie sababu nyingine. Neno nililolipata ni amana. Mtu aliyewekewa amana hajiulizi leo ana hamu ya kuitunza au hana. Mwenyewe aliyeiweka anaweza kuwa safarini, anaweza kuwa amekufa, na mali bado si ya kutupwa. Kitereza aliwasikia wazee wa mwisho walioyajua maisha ya kale ya kisiwa chao. Kwa kuyasikia tu, akawa mdaiwa. Anayefanya kazi kwa kupenda sifa hukatika sifa zikikatika, na anayefanya kwa kujipenda hukatika siku atakapojichoka, siku ambayo humfikia kila mtu mwenye akili. Mwenye amana hana ruhusa ya kukatika kwa sababu hizo, na nadhani hapo ndipo mtu hukomaa: anapoacha kuiuliza kazi itampa nini yeye.

Lakini hapa ndipo ninapoogopa kueleweka vibaya. Neno amana ni tamu mdomoni mwa watu wasiotaka kulipa. Huniambia kwamba msanii wa kweli hufanya kwa mapenzi, na wasemao hivyo aghalabu ndio wale wanaotaka utenzi wa arusi bila gharama. Taasisi moja, sitaitaja, iliwahi kunipa kurasa 90 za kutafsiri, nikalipwa shukrani na soda mbili. Amana humfunga aliyeishika, haimfungui yule ambaye mali ni yake. Na mali ya Kitereza ilikuwa ya nani kama si yetu sote tunaosema lugha aliyoihamishia? Tunapomsimulia kama mfano wa subira yavuta heri, tunafanya hila: tunachukua deni letu na kuligeuza kuwa sifa yake. Heri ilivutwa, naam, ila ilifika mlangoni mwenyewe akiwa kaburini. Siku hizi zipo tuzo, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Ni jambo la kushukuriwa. Ila tuzo humkuta mtu amekwisha kuandika. Miaka ile ya kuandika bado hana wa kumlipia taa.

Kwa hiyo nashika mambo mawili ambayo hayapatani vizuri, wala sijui kuyapatanisha. Mtunzi afanye kazi kana kwamba hatalipwa, na jamii imlipe kana kwamba hatafanya bila malipo. Kila upande ukiishika haki ya mwenzake badala ya wajibu wake, mambo huharibika: mtunzi hunung'unika hadi kalamu inakauka, na jamii huhubiri mapenzi ya sanaa.

Lipo jambo katika kisa hiki ambalo mimi, kama mfasiri, hunigusa kuliko hata kifo cha mzee. Ni ile kazi ya pili. Mtu anayekitafsiri kitabu chake mwenyewe hana budi kukisoma kama mgeni. Mambo aliyoyaandika bila kufikiri, kwa kuwa kila Mkerewe angeyajua, sasa yanadai kuelezwa. Mzaha uliochekesha kule hauchekeshi huku. Anaona kurasa zilizobebwa na lugha tu, na kurasa zilizosimama kwa nguvu ya jambo lenyewe. Najua wapo wasomaji wa pwani wanaokisoma na kukwaa, wakasema Kiswahili chake si cha Unguja wala cha Mvita. Ni kweli, na kisingefaa kuwa hivyo. Ni Kiswahili kilichobebeshwa Ukerewe nzima, na mzigo ukiwa mzito mwendo hubadilika. Kujiendeleza kwa msanii, kama neno hilo lina maana yoyote, mimi hukuona hapo: mtu mzima, mgonjwa, anakubali kuwa mwanafunzi wa kitabu alichokitunga mwenyewe, ili wasiokuwa watu wake nao waingie.

Na kazi ile ilizaa kazi. Wilhelm Möhlig alikitia kitabu katika Kijerumani miaka ya 1990. Gabriel Ruhumbika, mwandishi wa riwaya na mzaliwa wa Ukerewe vilevile, alikifasiri kwa Kiingereza, tafsiri iliyotoka mwaka 2002. Mtu asiyejua ugumu wa kurasa zile hawezi kukadiria Ruhumbika alimlipa nini mzee wake.

Mezani kwangu upo mswada wa kijana mmoja wa Magu, ameuandika kwa Kisukuma, nao ni mrefu na una makosa mengi. Hakuniomba fedha, wala hakuniuliza kama ana kipaji. Ameomba tu usomwe. Umekaa hapo tangu masika. Nimefika nusu yake, na sura ya nne, ya mavuno ya pamba, ni nzuri. Ijumaa nitamwandikia.