Vitabu Viwili vya Nyumbani



Mkulima mzee akifariki huku kwetu Sachangwan, wasifu wake husomwa mbele ya jeneza. Tunaambiwa idadi ya watoto na wajukuu, ekari alizolima, ng'ombe aliofuga, na miaka aliyochimba viazi na kuvuna mahindi katika baridi hii ya Molo. Ni vyema, kwa maana jasho la mzazi linastahili heshima. Lakini liko jambo ambalo karatasi ile haisemi. Je, mzee huyu na mkewe walijuana, au waliishi kama majirani wawili chini ya bati moja?

Leo natumia maisha marefu ya mkulima mmoja ili tujiulize swali hilo tungali hai.

Mzee Kimani Ng'ang'a Maruge alikuwa mkulima, baba wa watoto, mwenye wajukuu na vitukuu. Mwaka 2003 Serikali iliondoa karo katika shule za msingi. Tarehe 12 Januari 2004, akiwa na umri wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret. Alivaa kaptura na soksi ndefu, akaketi na watoto wadogo. Wajukuu wake wawili walisoma katika shule hiyo hiyo. Mwaka 2005 alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, akaenda New York kuzungumza kwenye Umoja wa Mataifa juu ya elimu ya msingi bila malipo.

Alitaka nini shuleni? Alitaka mambo mawili: kujisomea Biblia bila kutegemea mdomo wa mtu mwingine, na kujua kuhesabu fedha zake.

Ghasia zilizofuata uchaguzi wa mwisho wa mwaka 2007 zilimtoa kwake, akaishi kambini. Sisi wa Molo hatuhitaji kuelezwa maana yake. Baadaye alihamia makao ya wazee Kariobangi, Nairobi, akaendelea kusoma. Mwezi Mei 2009 alibatizwa katika Kanisa Katoliki la Utatu Mtakatifu huko Kariobangi, akaitwa Stephen. Alifariki tarehe 14 Agosti mwaka huo, akazikwa Subukia, huko huko tunakokwenda kuhiji kwa Mama Maria.

Bwana na bibi, angalieni jambo moja. Mzee Maruge alipoketi darasani, alikuwa amekwisha kufiwa na mke. Ninyi bado mko wawili. Anzeni sasa na vitabu vile viwili.

Kitabu cha kwanza ni Biblia. Wako waume ambao hawakupata shule, na mke ndiye anayejua kusoma. Badala ya kumwambia, "Mama Fulani, nisomee," bwana hununa, au husingizia macho. Pengine mke naye humcheka mbele ya watoto. Wote wawili wanakosea. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mzee wa miaka 84 aliinama, wala heshima yake haikupungua. Baba, mwombe mkeo au mwanao akusomee Injili ya Jumapili usiku wa Jumamosi. Mama, soma polepole, bila kejeli.

Kitabu cha pili ni cha hesabu. Humo mna fedha za maziwa, akiba ya chama, mkopo wa mbolea, na hati ya shamba. Katika nyumba nyingi kitabu hiki kimo kifuani mwa mtu mmoja tu. Siku anapofumba macho, mjane huletewa deni asilolijua, na ndugu wa tumbo moja huanza kupimana kwa panga mpakani.

Mtazameni Abrahamu. Sara alipofariki, alinunua shamba la Makpela kwa shekeli 400 za fedha, akazilipa hadharani mbele ya wenyeji. Hapakuwa na siri. Naye alipokufa akiwa mzee mwenye siku nyingi, Isaka na Ishmaeli walimzika pamoja, kando ya Sara. Wana waliokuwa wametengana walikutana kaburini kwa baba yao, si mahakamani.

Msiseme mtazungumza mkishazeeka. Maisha marefu ni zawadi. Hakuna mwenye mkataba nayo. Tarehe 31 Januari 2009, hapa hapa Sachangwan, lori la mafuta lilishika moto na watu zaidi ya 100 walipoteza maisha. Walitoka nyumbani wakitazamia kurudi.

Zungumzeni wiki hii, watoto wakishalala:

1. Ni jambo gani sijui, nami naona haya kukuuliza?

2. Nikiitwa na Mungu usiku huu, je, unajua hati iko wapi, tunamdai nani, na tunadaiwa na nani?

3. Lini mara ya mwisho tulifungua Neno la Mungu tukiwa wawili?

Kisha salini: Ee Bwana, utupe siku nyingi ukipenda, lakini hata zikiwa chache, tusizipitishe tukifichana. Amina.