Kipindi cha Muziki ni cha Nani?

Fedha za shule zikipungua, kuna masomo yanayolindwa na kuna yanayoachwa yajitafutie. Hakuna waziri anayesimama bungeni kutangaza kwamba watoto wa shule za umma hawataimba wala kuchora tena. Mambo huenda kimyakimya. Mwalimu mkuu anakaa na daftari lake la hesabu, anaona pesa zilizoingia hazitoshi umeme, maji, chaki na mishahara ya walimu walioajiriwa na bodi ya shule, kisha anaanza kufuta. Rangi za maji zinafutwa. Ngozi mpya ya ngoma iliyopasuka inafutwa. Nauli ya kupeleka kwaya kwenye tamasha la kaunti inafutwa. Mwalimu huyo hajakosea, na wazazi wachache watamlaumu. Swali langu halimhusu yeye. Nauliza kama taifa linalomfikisha hapo limewatendea haki watoto wake. Jibu langu ni kwamba halijawatendea, kwa sababu tusiyopenda kuitaja: sanaa ikiondolewa shuleni haipotei, inahama. Inahamia kwa wanaoweza kuilipia.

Kenya ina ushahidi wa jambo hili. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, sanaa, ufundi na muziki vilikuwa miongoni mwa masomo yaliyotahiniwa mwishoni mwa darasa la nane. Wazazi na walimu walilalamika kwamba mzigo wa masomo umezidi, na malalamiko yao yalikuwa ya kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mzigo ukapunguzwa, na masomo hayo yakaondolewa kwenye mtihani. Kwenye ratiba yalibaki. Anayezijua shule zetu anajua kilichofuata: kipindi kilichoandikwa Muziki ubaoni kikageuka kipindi cha marudio ya hisabati, kwa kuwa shule ilipimwa kwa alama, na muziki haukuwa na alama. Katika shule za kibinafsi zenye karo kubwa piano hazikuondoka ukumbini, na mwalimu wa uchoraji hakuachishwa kazi. Kanuni ilikuwa moja kwa watoto wote. Matokeo yake yalikuwa mawili.

Hasara ya uamuzi wa namna hiyo haionekani mwaka unapofanywa, na hapo ndipo hesabu za serikali zinapotudanganya. Darasa lisilo na paa linaonekana siku ya kwanza ya mvua. Somo lililokatwa huchukua miaka kumi na tano kuonekana, kwa sababu mtoto asiyefundishwa kusoma noti hukua akawa mwalimu asiyejua kusoma noti. Mtaala wa umilisi ulipoanza kutumika nchini kote mwaka 2019 na kurudisha sanaa katika madarasa ya chini, baadhi ya walimu waliokabidhiwa somo hilo walikuwa wamepita shule ya msingi katika miaka ile ile ambayo somo lilibaki jina. Walipewa kitabu cha mwongozo na kuambiwa wafundishe melodia, mdundo na mchanganyiko wa rangi. Wapo waliojitahidi kwa moyo, wakajifunza jioni ili wafundishe asubuhi. Lakini kilichookolewa mwanzoni mwa miaka ya 2000 sasa kinadaiwa pamoja na riba, na wanaolipa ni watoto ambao hawakuwa wamezaliwa deni likichukuliwa.

Na sasa mkasi umetolewa tena. Mwezi Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba Hazina haimudu mgao wa shilingi 22,244 uliowekwa kwa kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, na kwamba kinachopatikana ni kama shilingi 16,900. Hapo umepungua karibu robo. Mgao wa mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mwaka mzima. Ugawanye kwa wiki za masomo upate chini ya shilingi arobaini kwa wiki, ambazo zinatakiwa kutosha vitabu, matengenezo na kila kitu kingine. Katika hali hiyo sanaa imerudi kwenye mtaala ilhali pesa zake hazikurudi nayo. Pengo linazibwa na mzazi. Jioni mtoto anafika nyumbani na orodha: karatasi za manila, gundi, rangi, shanga, kitambaa. Nyumba moja itanunua vyote njiani kutoka kazini. Nyumba nyingine itachagua kati ya gundi na unga. Kesho yake watoto hao wawili wanakaa dawati moja, mmoja anafanya kazi yake na mwenzake anatazama, kisha wote wanapewa alama za ubunifu. Hiyo nayo ni kukata bajeti, ila ankara imeandikwa kwa jina la mama wa mtoto.

Kwa nini hili liwe suala la haki, si la bahati tu kama ilivyo kwa magari na nyumba? Aristotle alijiuliza swali la karibu na hili katika kitabu cha nane cha Siasa: je, vijana wafundishwe muziki, na kwa faida gani? Jibu lake ni kwamba kusoma na kuandika vina manufaa katika shughuli, ila muziki humwandaa mtu kwa wakati ambao hatumikii chochote, wakati wa kuwa huru na kuutumia uhuru huo vizuri. Tatizo ni kwamba aliyemfikiria ni raia huru, wala si mtumwa aliyempikia raia huyo. Nakubaliana naye kuhusu thamani ya kitu chenyewe, nakataa orodha yake ya wanaostahili. Anayesema kwamba mtoto wa vibanda vya Mathare anahitaji kwanza ujuzi wa kuajiriwa, ilhali mtoto wa majumba ya Karen anaendelea na fidla yake, ameirudisha orodha ile bila kuitaja: elimu ya watakaosema, na elimu ya watakaotumwa.

Afrika Mashariki tunaifahamu orodha hiyo kwa uchungu wa karibu zaidi. Tume ya Phelps-Stokes, tume ya elimu kutoka Marekani, ilipopita katika nchi hizi mwaka 1924, ilipendekeza kwa Mwafrika elimu ya kilimo na kazi za mikono, elimu ya kumfaa kwa hali yake, kama kwamba hali yake ilikuwa imeamuliwa mbinguni. Na waliopata elimu pana zaidi walipewa sanaa ya wengine. Nyerere alilisema hilo mbele ya Bunge la Tanganyika tarehe 10 Desemba 1962, alipotangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni na vijana: waliosoma walijua kucheza rumba na waltz, ila akauliza ni wangapi wanaojua kucheza ngoma za kwao, gombesugu na lelemama, au hata waliowahi kuzisikia. Wizara hiyo aliiunda mwaka mmoja tu baada ya uhuru, nchi ikiwa haina barabara wala madaktari wa kutosha. Hakungoja kwanza utajiri uje. Aliona kwamba watu wasiojua kujieleza kwa sauti yao wataelezwa na wengine, na barabara hazitawaponya na hilo.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni la madawati. Darasa lina watoto sabini, wengine wameketi sakafuni, choo kimebomoka. Ni nani mwenye akili timamu atakayenunua ngoma? Sitalipuuza, kwa kuwa anayelileta mara nyingi ni mtu anayewapenda watoto. Kama kweli shilingi moja ingekuwa ama ya choo ama ya ngoma, mpe mtoto choo. Lakini chaguo haliji namna hiyo. Gharama kubwa ya sanaa ni mwalimu aliyefunzwa, na vifaa vyake vya mwanzo viko karibu na mikono yetu. Kayamba ni matete, uzi na mbegu. Silabi za solfa huimbwa kwa koo alilozaliwa nalo mtoto. Udongo wa kufinyangia uko ukingoni mwa mto. Mtoto aliyepewa penseli na kuambiwa achore jani la mwembe hugundua, kabla hajamaliza, kwamba alikuwa hajawahi kuliona: kwamba mishipa yake haikutani pale alipodhani, kwamba ncha yake imepinda kidogo. Kutazama hivyo, kwa subira, bila mtu kukuambia jibu, ni mazoezi ambayo shule yetu ya kukariri haiyatoi mahali pengine. Na watoto arobaini wanaotikisa kayamba pamoja wanajifunza jambo gumu zaidi: kunyamaza wote kwa pigo moja. Tukisema haya ni anasa, basi tumesema kwamba kuona na kusikilizana ni anasa kwa maskini.

Wengine hutetea sanaa kwa kusema inapandisha alama za masomo mengine. Uko utafiti mzuri wa aina hiyo. Huko Houston, Marekani, shule 42 ziligawanywa kwa kura, nusu zikapewa wasanii na nafasi za ziada za sanaa, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 yalionyesha makosa ya nidhamu yakipungua, uandishi ukiboreka na watoto wakiwahurumia wenzao zaidi. Nafurahi kuyasoma, na kila bodi ya shule ingefaa iyajue. Ila sitaki kesi ya mtoto isimame juu ya mguu huo peke yake. Anayetetea muziki kwa sababu unasaidia hisabati amekubali kwamba hisabati ndiyo bwana na muziki ni mtumishi wake, na siku mtumishi wa bei nafuu zaidi atakapopatikana, muziki utafukuzwa. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka uliofuata, haukuweka sharti hilo. Ibara ya 31 inampa mtoto haki ya kushiriki maisha ya utamaduni na sanaa, na inaitaka serikali ihimize nafasi zinazolingana. Haikusema alama zake zikiongezeka.

Kuna wanaojibu kwamba kipaji hakihitaji shule. Waimbaji wetu mashuhuri wametoka mitaani, bila mwalimu wala noti. Ni kweli wametoka, nasi tunawahesabu waliotoka tu. Walioishia njiani hawana jina la kutajwa. Tena somo la sanaa halipo ili kuzalisha wasanii, kama vile somo la hisabati halipo ili kuzalisha wanahisabati. Wengine wanasema kanisa lina kwaya na madrasa ina kaswida, basi mtoto maskini hakosi pa kuimbia. Nazishukuru taasisi hizo, zimebeba sehemu kubwa ya muziki wa nchi hii mabegani. Lakini kazi zao ni ibada, na zina haki ya kuchagua nyimbo zake. Mzazi ambaye dini yake inamtia wasiwasi kuhusu muziki, na wapo wengi na mjadala wao ni mkongwe, mwanazuoni Al-Ghazali mwenyewe aliuandikia kitabu kizima ndani ya kazi yake kubwa, Ihya, mtoto wake anaweza kutengewa nafasi katika uchoraji, ufinyanzi, hati za Kiarabu au ushairi. Shule ya umma ndiyo mahali pekee panapoweza kumpokea mtoto wake na mtoto wa jirani kwa pamoja.

Na wafadhili? Chuo cha muziki cha nchi za majahazi mjini Zanzibar, DCMA, kiliwafundisha vijana wa visiwani taarabu na ala za kanuni na udi tangu mwaka 2002 kikitegemea misaada. Mwaka 2019 kilikaribia kufunga milango misaada ilipokauka. Walimu walikuwepo, wanafunzi walikuwepo, sifa zilikuwepo. Mfadhili anatoa kwa hisani, na hisani ina haki ya kuchoka. Kitu ambacho mtu anaweza kunyang'anywa kwa sababu mwingine amebadilisha vipaumbele vyake hakiwezi kuitwa haki yake.

Kama lazima kitu kikatwe, na miaka mingine italazimu, basi tuanze kwa kuuliza mtoto asiye na pesa atakipata wapi kwingine. Hisabati ikipunguziwa kipindi, taifa zima litapiga kelele kabla ya Ijumaa: wazazi, magazeti, waajiri. Somo hilo lina walinzi. Muziki hauna, na ndiyo sababu mkasi huanzia pale. Tumezoea kukata panapokatika kwa urahisi na kupaita penye umuhimu mdogo.

Mwaka 2026 darasa la kwanza la gredi ya 10 limeingia sekondari pevu, na mkondo wa Sanaa na Michezo ni mmoja wa mikondo mitatu iliyoandikwa. Kila shule lazima itoe mkondo wa sayansi na teknolojia. Mkondo wa sanaa unatolewa na shule chache zenye vifaa, nyingi zikiwa zile zilizobahatika tangu zamani. Mfikirie msichana wa Kakamega, nchi ya Waisukha na Waidakho, ambako ngoma ya isukuti hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, pamoja na pembe ya swala na njuga za chuma. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba wajuzi wake ni wazee wasio na warithi, na kwamba hakuna fedha wala vifaa vya kutengenezea ngoma na maleba. Msichana huyo anaweza kuipiga ile ngoma ndogo tangu akiwa na miaka saba. Shule ya kutwa iliyo karibu na kwao haina mkondo huo, na ile yenye mkondo huo ni ya bweni, na karo yake haimo katika zile shilingi 16,900.