Orijino ya Nani?

Wapenzi wa magari ya kale wana neno moja wanalolitumia kama hakimu: orijino. Rangi ni orijino? Viti je? Redio? Kadiri majibu ya ndiyo yanavyoongezeka, heshima ya gari inapanda, na bei yake pia. Kiyoyozi ndani ya gari lililotoka kiwandani bila kiyoyozi ni jibu la hapana, tena hapana inayoonekana kwa macho: mabomba chini ya dashibodi, kompresa iliyobanwa kando ya injini, swichi ambayo mbunifu wa gari hakuiwazia.

Swali hili limeigawa familia yetu. Marehemu Babu alituachia Volkswagen ya mgongo wa kobe, ya mwaka 1969, aliyoinunua ikiwa imeshatumika. Iko Tanga na bado inatembea. Anayeihitaji zaidi ni Bibi, mwenye miaka 79 na presha, ambaye kila mwezi hupelekwa kliniki. Februari, saa saba mchana, bati la gari lile haliguswi kwa mkono mtupu. Shangazi anataka kiyoyozi kifungwe. Baba mdogo anasema tukilikata gari lile, tutakuwa tumemzika Babu mara ya pili. Mimi nasoma shahada ya uzamili katika falsafa, basi pande zote mbili zimenitaka niamue. Si ndicho ninachosomea?

Falsafa ina mfano wake maarufu wa jambo hili, merikebu ya Theseus aliyoisimulia Plutarch: mbao zinabadilishwa moja moja hadi zote ziishe, je, merikebu ni ile ile? Lakini mfano huo hautufikishi mbali hapa. Gari la Babu limeshabadilishwa matairi, breki, kabureta na rangi, na hakuna aliyelia. Baba mdogo haogopi kwamba gari litakuwa gari jingine. Anaogopa kwamba sisi tutakuwa watu wengine, watu wanaorekebisha kumbukumbu kila inapowakera. Hofu hiyo ni ya heshima, na haijibiwi kwa kuambiwa tu kwamba kuna joto.

Hata hivyo, tuiulize hiyo orijino ilitoka wapi. Mashine ya kwanza ya kisasa ya kurekebisha hewa, aliyoibuni Willis Carrier mwaka 1902, ilitengenezwa kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn. Unyevunyevu ulikuwa unatanua na kunywesha karatasi, rangi zikakosa kukaa mahali pake. Kilichohurumiwa kwanza kilikuwa karatasi, mwili wa binadamu ulisubiri. Kwenye magari, Packard ndiyo iliyoanza kuuza kiyoyozi kilichofungwa kiwandani, katika magari yake ya mwaka 1940, na kilikuwa anasa. Katika miaka ya 1960 na 1970, mnunuzi wa Volkswagen kama ya Babu kwenye majimbo ya joto ya Marekani aliweza kufungiwa kiyoyozi na muuzaji, gari likiwa bado jipya. Kwa hiyo ukosefu wa kiyoyozi si roho ya gari lile. Lilibuniwa Ujerumani, kwenye baridi, na aliyeishi penye joto na mwenye uwezo aliliongezea. Tunachokilinda Tanga kwa jina la orijino huenda ni orodha tu ya vitu ambavyo mtu wa Tanga hakuwa na namna ya kuviagiza.

Hapo ndipo ninapoegemea upande wa Shangazi. Nilimuuliza Bibi kwa nini asipande teksi yenye kiyoyozi. Akanijibu, "Mjukuu wangu, babu yako alinunua gari ili mimi nisisimame juani." Hiyo nayo ni orijino. Ni kusudi, nalo ni la zamani kuliko rangi ile na viti vile. Kitu kinachotunzwa kwa kumchosha yule kilichonunuliwa kumpumzisha kimebadilika kuliko kitu kilichoongezewa bomba.

Lakini hukumu hii haimpi Shangazi ruhusa ya kila kitu. Kiyoyozi hakiui joto, kinalihamisha tu: kinalitoa ndani na kulimwaga nje, juu ya mwendesha bodaboda aliyesimama ubavuni. Gesi inayotumika sana kwenye magari, R-134a, ikivuja kilo moja hupasha dunia joto sawa na kilo 1,430 hivi za kaboni dioksidi kwa kipimo cha miaka 100. Ndiyo sababu gesi za jamii hiyo ziliwekewa mpango wa kupunguzwa katika makubaliano ya Kigali mwaka 2016. Na kuna gharama isiyopimwa: vioo vikifungwa, salamu hukatika. Bibi huvuka mtaa mzima akiitikia "Marahaba" dirishani.

Wahifadhi wa majengo walishalifikiria tatizo linalofanana na hili. Hati ya Venice ya mwaka 1964 inadai kwamba sehemu mpya isijifanye ya kale, ionekane kuwa ni ya wakati wake. Nadhani hiyo ni maadili mema hata kwa fundi wa magari. Injini ya 1200 ina nguvu za farasi 34 tu, na kompresa itazila kadhaa. Basi ifungwe ndogo, kwa boliti, bila kukata bodi. Dainamo ikibadilishwa kwa alteneta, iwekwe kwenye boksi yenye jina lake. Mtu akitaka kurudisha gari lilivyokuwa, aweze kwa spana peke yake. Na mabomba yasifichwe. Atakayelirithi ajue ni kipi alichokiacha Babu na kipi tulichoongeza sisi, na kwa ajili ya nani.

Nimewaandikia wote wawili hivyo. Baba mdogo ameomba dainamo ikae kwake. Shangazi ameuliza kama Bibi atakubali kufunga vioo, nami nimemwambia hilo tumwachie Bibi mwenyewe.